Daftari la Skuta

Kama una baiskeli, cherehani, pampu ya maji au chombo cho chote kinachokulisha wewe na watoto wako, basi maneno haya yakuhusu, ijapokuwa mimi nitasema habari za skuta tu. Nayo si skuta kubwa. Injini yake ni ya sentimeta za ujazo 125, magurudumu yake ni ya inchi kumi, na kabla ya kufika mikononi mwangu ilikwisha tumiwa na mtu mwingine huko Japani. Watu wa Mbwawa walipoiona mara ya kwanza walicheka. Walisema hicho ni kipando cha akina dada wa mjini waendao saluni. Sikuona haja ya kubishana nao, maana nilikuwa nimechelewa kazini.

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu chuoni nikapata cheti changu, lakini ajira ilipokawia niliombwa nishike vitabu vya parokia moja iliyo upande wa Kiluvya, kando ya Barabara ya Morogoro, na hata leo ningali pale. Nyumba yetu iko Mbwawa, kwa kuwa mke wangu anafundisha shule ya msingi huku, na kwa kuwa kiwanja ni chetu na mikorosho iliyomo ni yetu. Kuhama hatuwezi, na kazi siwezi kuiacha. Kati ya mlango wa nyumba yangu na mlango wa ofisi pana kilometa 31. Nakwenda asubuhi na kurudi jioni, siku sita kwa juma, maana Jumatatu ofisi yetu hufungwa. Theluthi moja ya njia ni udongo na mchanga, iliyobaki ni lami. Kabla ya skuta nilipanda bodaboda hadi barabarani, kisha daladala, na jioni vivyo hivyo kwa kurudi nyuma. Na mtu aliyewahi kuning'inia mlangoni mwa daladala saa kumi na mbili ya jioni hahitaji kuelezwa kwa nini niliuza mbuzi wanne na kukopa kidogo.

Sasa tafadhali fanya hesabu pamoja nami. Kilometa 62 kwa siku, mara siku sita, ni kilometa 372 kwa juma. Kwa majuma 50 ya mwaka, nikiacha likizo, ni kilometa 18,600. Mfikirie mtu aliyetengenezewa skuta kama hii: anakaa mjini, anatoka kwake kwenda stesheni ya treni kilometa tatu, anaiacha pale, na jioni anairudia. Huyo kwa siku 300 hatimizi ila kilometa 1,800. Basi mwaka wangu mmoja ni miaka yake kumi na zaidi. Mtu akikuambia, “Chombo changu ni kipya, hakijamaliza hata mwaka,” hajakuambia kitu. Mwulize mita yake inasoma ngapi.

Hili ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo, na mengine yote ni matawi yake. Wengi wetu tunatunza vyombo kwa kalenda, au kwa sauti, yaani mpaka kianze kulia. Lakini chombo kidogo cha safari ndefu hakijui kalenda. Kinajua kilometa. Na kikianza kulia, mara nyingi kimekwisha kuchelewa kusema.

Yafaa pia kujua chombo hiki kilitoka wapi, maana asili yake yaeleza tabia yake. Mwaka 1946, vita vikuu vikiwa vimekwisha, kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kutengeneza skuta iitwayo Vespa, neno ambalo kwa Kiitaliano maana yake ni nyigu. Kiwanda chake cha ndege huko Pontedera kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu, na watu walihitaji usafiri wa bei ndogo. Aliyeichora, Corradino d'Ascanio, alikuwa fundi wa mambo ya ndege wala hakuzipenda pikipiki: zinachafua nguo, na mtu hana budi kurusha mguu juu ili apande. Basi yeye akaifunika injini kwa bati, akaacha nafasi wazi mbele ili mwenye gauni au kanzu apande kwa heshima yake. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ilipata ruhusa ya kutengeneza Vespa kwao, pamoja na ile ndugu yake ya magurudumu matatu, na jina la kampuni hiyo ndilo tunalolitamka kila siku hapa Maili Moja tunaposema “bajaji.” Wajapani nao, mwaka 1958, walitoa Honda Super Cub, ambayo si skuta kamili bali ni binamu yake, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo vyombo vidogo si mchezo wa akina dada wa saluni.

Walakini lile bati la d'Ascanio lina ubaya wake. Pikipiki ya kawaida huonyesha uchafu wake hadharani: mnyororo umelegea, unauona, oili inavuja, unaiona. Skuta imevaa koti. Ukiifuta kwa kitambaa asubuhi inang'aa kama ya dukani, na huku ndani feni imejaa matope na mkanda unapasuka. Ndiyo sababu nasema hapana budi kuandika.

Kuandika ndiyo kazi yangu. Ofisini nina kitabu cha ubatizo, cha ndoa, na cha marehemu. Kila mtu ana namba, tarehe, na nafasi ya maelezo pembeni, na mzee aliyenifundisha ukarani aliniambia kwamba neno lisiloandikwa siku ile ile, kesho huandikwa kwa kubuni. Basi nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili (si kwaya ya kuimba) nikaipiga mistari: tarehe, mita, lita za mafuta, kazi iliyofanywa, fedha, maelezo. Daftari hilo hukaa chini ya kiti cha skuta ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kalamu. Nikijaza mafuta naandika papo hapo kituoni, na vijana wa pampu wamekwisha zoea, mmoja huniuliza, “Mwalimu, leo tumepata maksi ngapi?”

Anauliza kwa utani, walakini maksi zipo. Skuta yangu ikiwa na afya hunipa kilometa 40 kwa lita moja. Mwaka jana mwezi wa Agosti zikawa 38, juma lililofuata 36, kisha 35. Mashine haikulia, wala haikutoa moshi, wala mwendo haukupungua kwa kadiri ya kuutambua. Nikapima upepo wa matairi, ulikuwa sawa. Nikaosha chujio la hewa, hesabu haikubadilika. Jumatatu nikaisimamisha kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa juu, nikalizungusha kwa mkono. Lilizunguka nusu tu likasimama. Kumbe kile kipini kinachotanua breki ya nyuma kilikuwa kimeshika kutu, hakirudi vizuri mahali pake, na kwa majuma matatu nilikuwa natembea na breki imeshikilia kidogo. Nikakifungua, nikakisugua kwa msasa, nikapaka grisi kiasi cha kunde, nikafunga. Lita iliyofuata ikanipa 40. Ingeachwa, breki ile ingechemka na kuungua, na pengine gurudumu lingekaza penye mteremko. Masikio hayakusikia wala macho hayakuona. Daftari ndilo lililosema.

Sasa tuje kwenye vumbi, maana mwenye kukaa Mbwawa hawezi kuliepuka. Kiangazi mchanga wetu huwa laini kama unga, na skuta iko chini karibu na ardhi, basi huuvuta kuliko pikipiki kubwa. Chujio langu ni la sponji. Kitabu chasema lisafishwe baada ya kilometa elfu kadhaa. Mimi nalisafisha kila Jumatatu ya pili wakati wa vumbi, kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kufulia, nalikamua pasipo kulisokota, nalianika kivulini, kisha natia matone machache ya oili na kulifinya mpaka yaenee. Lile la karatasi, kama wewe unalo, usilioshe hata kidogo, linabadilishwa tu. Injini ya skuta, kwa kuwa imefunikwa, haipozwi na upepo wa mwendo bali na feni yake. Nyasi, matope na manyoya ya kuku (sisi tunao wengi) yakiziba njia ya feni, injini inajipika yenyewe kama mhogo ndani ya sufuria. Nafungua bati lake mara moja kwa miezi miwili kwa bisibisi tu. Ni kazi ya robo saa.

Oili ya injini nabadili kila kilometa 1,500, yaani karibu kila mwezi. Inaingia kiasi cha robo tatu ya lita. Fundi mmoja aliniambia nafanya anasa. Nami nikamwambia kwamba oili ni nafuu kuliko injini, naye hakuwa na jibu. Lakini iko oili nyingine ndogo ambayo mafundi wetu huisahau kwa sababu pikipiki walizozizoea hazina: ni ile ya gia za gurudumu la nyuma, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa. Ikikauka, gia hulia kama jiwe la kusagia, na ukisikia mlio huo mara nyingi umekwisha chelewa. Simlaumu fundi. Wapo wengi hodari wa Boxer na TVS ambao hawajawahi kufungua skuta. Mmoja aliinama akaitazama yangu upande huu na upande huu, kisha akaniuliza kwa upole mnyororo umefichwa wapi.

Haina mnyororo. Ina mkanda wa mpira, na hapa ndipo naomba msomaji mwenye skuta asiharakishe kupita. Nguvu yote ya injini hufika kwenye gurudumu kwa njia ya mkanda huo, unaozunguka juu ya sahani mbili zinazotanuka na kubana zenyewe; ndiyo maana hatukanyagi gia. Mnyororo ukikatika njiani, fundi ye yote chini ya mwembe ataunga kiungo utembee. Mkanda ukikatika, safari imekwisha. Injini inanguruma na chombo hakisogei, na vipande vyake huweza kujizungusha humo ndani na kukaza kila kitu. Na utakatika wapi? Hautakatika uani kwako. Unakatika pale unapovuta mafuta kwa nguvu, yaani unapopanda kilima, au unapotaka kulipita gari lililosimama huku nyuma yako lori la kwenda Zambia linapiga honi. Barabara ya Morogoro si mahali pa kusimama ghafula wakati wa magharibi.

Kitabu cha skuta yangu chasema mkanda ubadilishwe kwa kilometa 20,000. Mimi kwa sababu ya vumbi nimejiwekea 15,000. Mara ya mwisho fundi wangu, ambaye ni mtu mwaminifu na mwenye huruma na mfuko wangu, aliufungua akautazama akasema:

“Mwalimu, huu bado mzima. Unatupa pesa.”

“Fundi, hebu ukunje kinyume, meno yatazame nje.”

Akaukunja. Kati ya kila jino na jino ukaonekana ufa mwembamba kama unywele. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Huu ungekufikisha Krismasi.” Krismasi ya mwaka gani sikumwuliza.

Katika kufungua huko hutazamwa pia vile vigurudumu sita vidogo vya uzito vilivyo ndani ya sahani ya mbele. Vinapaswa kuwa mviringo kabisa. Vikipata upande bapa, skuta hutetemeka inapoondoka, kama mtu mwenye baridi. Bei yake si kubwa, na kwa kuwa koti limekwisha funguliwa, ni afadhali kuvibadili pamoja na mkanda. Na humo ndani pasiwe na tone la oili wala grisi iliyozidi. Mkanda ni kama miguu ya mtu, hauwezi kutembea penye utelezi.

Juu ya vipuri, nisiseme mengi, maana kila mtu ana kilio chake. Duka moja, ambalo jina silitaji, liliniuzia mkanda ndani ya boksi zuri sana. Nyumbani nikauweka juu ya meza sambamba na ule wa zamani. Upana ulikuwa mmoja. Sasa mkanda mpya wawezaje kulingana upana na uliokwisha liwa kwa kilometa 15,000? Niliurudisha kesho yake, na baada ya maneno kidogo nikabadilishiwa. Tangu hapo naenda dukani na rula, na kile cha zamani mkononi. Muuzaji mwema hachukii.

Matairi, taa na betri nitavipita upesi. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa kwa safari ile ile, basi tairi la nyuma kwangu halifiki kilometa 10,000. Upepo napima kila Jumatatu kabla jua halijawaka: paundi 22 mbele na 29 nyuma, na nikimpakia mtu naongeza nyuma hadi 33, kama kitabu kisemavyo. Wakati wa masika, dimbwi usilolijua kina chake usiingie. Tafuta ukingo, au shuka usukume. Ukivuka maji, bonyeza breki pole pole mara kadhaa ili zikauke. Na nakusihi usiipeleke skuta kwa wale vijana wenye mpira wa maji ya nguvu. Maji yale huingia kwenye beringi na kwenye njia ya hewa, na baada ya juma moja unaanza kutafuta mchawi. Ndoo moja na kitambaa vyatosha.

Lakini breki sitazipita upesi.

Mama yangu anaishi nasi. Umri wake umepita miaka sabini, na kila mwezi hupimwa sukari na shinikizo la damu katika Hospitali ya Tumbi. Nilimwombea siku iwe Jumatatu, nami ndiye dereva wake. Hukaa nyuma, kofia ngumu kichwani juu ya kitambaa chake, mkoba mapajani, mkono mmoja umeshika mkanda wa suruali yangu. Hukaa upande, kama wanawake wa zamani walivyokaa kwenye baiskeli. Nimemwomba mara nyingi akae kwa kutanua miguu, ambavyo ni salama zaidi, na mwaka huu ndipo amekubali, akivaa suruali ndefu ya mke wangu ndani ya gauni. Njia nzima hunong'ona nyuma ya sikio langu, “Taratibu, baba. Taratibu.” Nami naenda taratibu, ijapokuwa si kwa kiasi anachokitaka yeye.

Mwishoni mwa mwaka juzi nilipima pedi za breki ya mbele, zikawa zimebaki milimeta mbili. Fundi alisema zitavuka mwezi. Kwa desturi tuna kopo nyumbani, na kila siku ya kazi natia shilingi 2,000 za skuta, mbali na mafuta. Mke wangu ndiye mwenye ufunguo. Mafuta yana hesabu yake, na Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA wanapotangaza bei kikomo, sisi wenye vyombo vidogo twasikiliza kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Basi kopo lilikuwa na fedha za kununua pedi nzuri, au sare mpya ya mtoto wetu wa kwanza, ambaye Januari alikuwa anaingia darasa la tatu na sare yake imefika juu ya magoti. Vyote viwili havikuwezekana. Nilimwekea mke wangu daftari mezani nikamwonyesha mstari ule. Alisoma, akatazama nje ambako mama alikuwa akichambua mchicha, akasema, “Breki kwanza.” Akakaa usiku akishusha upindo wa ile sare ya zamani mpaka ukaisha.

Jumatatu ya pili ya Januari nilikuwa nampeleka mama Tumbi. Lami ilikuwa na unyevu kidogo. Mbele yetu daladala lilisimama ghafula katikati ya njia kumchukua abiria, bila taa wala ishara, na upande wa kulia kwangu palikuwa na lori. Hapakuwa na pa kwenda. Nilibana breki zote mbili, ya mbele pole kisha kwa nguvu, kama tulivyofundishwa. Skuta ikainama mbele, haikuyumba, ikasimama. Kati ya gurudumu langu na bati la daladala palikuwa na nafasi ya kupita kuku. Lori likapita. Kondakta akanitazama, akapiga bati mara mbili, wakaondoka.

Mama hakusema neno. Hata “taratibu” hakusema. Tulipofika Tumbi nikamshusha, nikamvua kofia, akatengeneza kitambaa chake. Kisha akaniuliza:

“Baba, zile breki mlizonunua, mlilipa kiasi gani?”

Nikamtajia.

“Si ghali,” akasema, akaenda kupanga foleni.

Jioni ile niliandika katika nafasi ya maelezo: “Pedi zimefanya kazi.” Sikuona neno jingine la kuandika. Na maji ya breki yale yaliyo katika kikopo kidogo juu ya usukani nimekwisha yabadili pia, kwa kuwa hufyonza unyevu wa hewa, na hewa yetu ya Pwani ina unyevu wa kutosha. Fundi asipokuambia, mwambie wewe, walau kila miaka miwili.

Huenda msomaji mmoja anasema moyoni, “Karani huyu ana wakati wa kuchezea. Mimi nina watoto sita na shamba.” Nami nakujibu kwa hesabu. Jumatatu yangu huchukua saa moja hivi, na mara nyingi mtoto wetu wa kwanza ndiye anayesoma mita na kuandika tarakimu, kabla ya kwenda shule. Amejifunza kutoa na kugawanya kwa skuta kuliko kwa mawe. Saa moja kwa juma. Siku moja tu ya kukwama njiani hula zaidi ya hiyo, pamoja na fedha ya gari la kubebea, na siku nzima ya kazi, na watu waliokuja toka mbali kutafuta cheti cha ubatizo wa mtoto ili aandikishwe shule wakaikuta ofisi imefungwa. Wale hawajui habari za mkanda. Wanajua kwamba karani hayupo.

Wengine wamenishauri niiuze ninunue pikipiki kubwa ya mnyororo. Shauri hilo si baya. Kwa njia yetu ya mchanga gurudumu kubwa lina faida, na vipuri vyake vimejaa kila kona ya Kibaha. Kama ningekuwa nabeba magunia ningefanya hivyo kesho. Lakini mama hawezi kurusha mguu juu ya tangi, na mke wangu, ambaye huipanda Jumapili jioni kwenda jumuiya, naye hataki. Na daftari laonyesha kwamba skuta hii imenikosesha kazi siku mbili tu, na moja kati ya hizo ilikuwa pancha mbili kwa mpigo wakati wa mvua ya vuli, jambo ambalo hata tembo lingemkuta.

Leo Jumanne asubuhi mita imesoma 64,210. Mkanda ulio ndani uliwekwa kwa 49,800, basi mwisho wake ni 64,800, zimebaki kilometa 590, yaani siku tisa na nusu za kazi. Mpya nimekwisha nunua na kuupima kwa rula. Umetundikwa chumbani kwenye msumari, ndani ya karatasi, mbali na jua na oili. Fundi nimemwambia Jumatatu hii ijayo mapema. Amesema nije na mkanda, na vigurudumu sita, na chai ya maziwa, maana mara iliyopita niliileta ya rangi.